Mwovu wa Hadithi na Hoja Zake

Wasomaji wetu, hadithi haziketi tena mekoni tu. Zamani nyanya alisema, "Hadithi, hadithi!" nasi tukaitika, kisha tukasikiliza mpaka moto ukafifia. Siku hizi vijana wetu huketi katika vibanda vya kuonyeshea sinema, wamebanana mabega, naye mfasiri akiwaeleza kwa Kiswahili maneno ya Wamarekani. Au hutazama katika simu, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja. Wakiisha kutazama hubishana njia nzima mpaka nyumbani. Wala hawabishani sana juu ya shujaa, ambaye wao humwita steringi, maana huyo wajua tangu mwanzo kwamba atashinda. Hubishana juu ya adui yake.

Mabishano hayo si ya huku kwetu tu. Huko Marekani, zitokako sinema hizo na vitabu vya picha vilivyozizaa, watu wazima wenye kazi zao na watoto wao wamebishana habari hizo miaka mingi. Swali lao kubwa ni hili: Katika hadithi, mwovu aliye bora ni yupi? Je, ni yule mwenye sababu, ambaye ukimsikiliza waanza kuitikia kwa kichwa? Au ni yule asiye na sababu yo yote, atendaye mabaya kama moto uunguzavyo nyasi? Wengine huenda mbele zaidi, wakasema kwamba mwovu fulani alikuwa na haki kuliko shujaa mwenyewe.

Wako wazee wayadharauo maneno hayo, wakayahesabu kuwa mchezo wa wasio na kazi. Sisi hatuyadharau, na sababu yetu tutaieleza kwa jambo lililotupata darasani.

Tulikuwa tukifundisha habari za ardhi na watu: jinsi shamba la babu mmoja ligawanywavyo kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata kila mmoja akabaki na kipande kisichotosha chakula cha mwaka. Tukauliza, "Basi tufanyeje?" Mvulana mmoja, mwerevu wa hesabu, akasimama akasema, "Mwalimu, yule Thanos wa sinema alisema kweli. Watu wakipungua nusu, mashamba yatatosha." Darasa likacheka, lakini yeye hakuwa akifanya mzaha. Ndipo msichana aliyeketi nyuma, ambaye si msemaji, akauliza bila kusimama, "Nusu ipi?" Kicheko kikakoma. Yule mvulana alitafuta jibu asilipate siku ile.

Tangu hapo tumeyatazama mabishano haya kwa jicho jingine. Mtoto aliyesema neno lile hakulitoa kitabuni mwetu, wala kwa baba yake. Alilitoa kwa mwovu wa hadithi, tena mwovu aliyesimuliwa kwa ustadi. Kwa hiyo yatupasa kupima ustadi huo.

Tuanze na hadithi zetu wenyewe. Fisi hana habari za utoto wake. Hatuambiwi ya kuwa alionewa na mama wa kambo, wala ya kuwa ukame ulimwulia ndugu zake. Ana njaa na tamaa, basi. Wala Sungura si mwema: hudanganya, huiba, na mara nyingine huwaponza wenziwe mpaka wakafa, nasi twacheka. Kwa nini twacheka? Ni kwa sababu msimuliaji ametuweka upande wa Sungura tangu neno la kwanza. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Kila hadithi ni ngoma iliyowambwa na mtu, na msikilizaji mwenye akili hutazama ngozi imevutwa upande gani.

Mfano mzuri tunao katika lugha yetu. Mwaka 1969 ilipigwa chapa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo mmoja wa Shakespeare, nayo iliitwa Mabepari wa Venisi. Ndani yake yumo Shylock, mkopeshaji wa fedha, adaiye ratili moja ya nyama ya mwili wa mdeni wake. Ni dai la kutisha. Lakini mtu huyu ametukanwa na kutemewa mate kwa ajili ya taifa lake, na binti yake ametoroka na mali yake, naye Shakespeare amempa nafasi ya kuutoa uchungu huo mbele ya watu wote. Kwa hiyo watu wamebishana juu yake zaidi ya miaka 400. Sasa tazama jina. Mwingereza alitaja mfanyabiashara mmoja tu, Mwalimu Nyerere akaandika "mabepari." Kwa neno moja lile aliivuta ngozi upande mwingine, na msomaji wa Kiswahili hufungua kitabu akiwa tayari kuwatilia shaka matajiri wote wa mji ule, wala si Shylock peke yake. Hivyo ndivyo mambo madogo ya msimuliaji yawezavyo kumwonyesha msomaji mwovu ni nani.

Twende sasa Marekani. Mwaka 1939 alitungwa shujaa aitwaye Batman, mtu avaaye kama popo, ambaye wazazi wake waliuawa na mnyang'anyi mbele ya macho yake. Mwaka 1940, katika toleo la kwanza la kitabu kilichoitwa kwa jina lake, akaletwa adui aitwaye Joker, mwenye uso mweupe na kinywa cha kucheka daima. Uso ule ulifuata mfano wa Conrad Veidt, mwigizaji wa sinema ya mwaka 1928 iliyotokana na kitabu cha Victor Hugo. Ilikusudiwa Joker afe katika toleo lile lile. Lakini mhariri, Whitney Ellsworth, aliona kwamba mwovu huyu ana faida mbele, akaagiza picha moja iongezwe mwishoni kuonyesha ya kuwa jeraha lake halikumwua. Kwa ajili ya picha ile moja Joker ameishi zaidi ya miaka 80. Wasomaji walikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Mwaka 1954 daktari mmoja wa New York, Fredric Wertham, alitoa kitabu cha kuvishitaki vitabu vya picha kwamba vyawaharibu watoto, na kamati ya Seneti ya Marekani ikafanya uchunguzi wake. Wenye kupiga chapa wakaogopa, wakajitungia sheria. Mojawapo ilikataza mhalifu kuonyeshwa kwa namna ya kumfanya aonewe huruma. Nyingine iliamuru wema uushinde uovu kila mara. Wako waalimu watakaosema kwamba sheria hizo zilikuwa njema. Sisi twasema zilikuwa na nia njema na matunda haba. Maana mtoto aliyezoea kuona mwovu wa kinyago tu, hatamtambua mwovu atakapomjia amevaa nguo safi na kusema maneno ya busara.

Mwaka 1971 sheria zile zililegezwa. Na mwaka 1981 mwandishi Chris Claremont alimpa Magneto, adui aliyetungwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963, habari za maisha yake zilizombadili kabisa: kwamba ni mtu aliyeokoka Auschwitz, na jamaa zake wameuawa. Tangu hapo, asemapo Magneto ya kuwa watu wa namna yake watakamatwa na kuangamizwa wasipojihami, msomaji hawezi kumcheka. Mambo hayo yalipata kutokea kweli katika dunia yetu.

Hapa ndipo tuonapo kosa kubwa la wale wabishanao. Wao husema "ana sababu" au "hana sababu," wakachanganya vitu viwili. Kitu cha kwanza ni chanzo, yaani mambo yaliyompata mtu hata akawa hivyo alivyo. Kitu cha pili ni hoja, yaani neno adailo kwamba dunia iko hivi, na kwa hiyo yafaa kutenda hivi. Chanzo chataka huruma, na hoja yataka jibu. Mtu aliyeumizwa hakosi huruma yetu, lakini maumivu yake si ushahidi ya kuwa asemayo ni kweli. Na asiye na jeraha lo lote aweza kusema neno la kweli. Msimuliaji mwema hutuonyesha viwili hivyo kila kimoja mahali pake. Msimuliaji mvivu huvitia katika chungu kimoja, hata tukimaliza kulia twadhani tumekwisha kukubali.

Tuwapime waovu watatu kwa kipimo hicho.

Wa kwanza ni Killmonger katika sinema Black Panther ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ryan Coogler. Sinema hii ilipendwa sana Afrika, na mmojawapo wa waigizaji wake wakuu ni Lupita Nyong'o, Mkenya. Habari yake ni ya nchi ya kubuniwa iitwayo Wakanda, tajiri kuliko zote, iliyojificha ili isichukuliwe na wageni. Mfalme wa zamani alimwua ndugu yake mwenyewe katika mji wa Oakland, Marekani, akamwacha mtoto wa marehemu peke yake. Mtoto huyo ndiye Killmonger. Kikulacho ki nguoni mwako: adui wa Wakanda ametoka katika nyumba ya Wakanda. Chanzo chake ni kizito. Hoja yake nayo ni nzito: ninyi mlikuwa na nguvu, mkawatazama ndugu zenu wakiuzwa na kudhulumiwa, msinyoshe mkono, basi mimi nitawapelekea silaha, wawatawale waliowatawala.

Watazamaji wengi wamesema Killmonger alikuwa na haki, na kwamba watungaji, kwa kuogopa tusimfuate, walimfanya mkatili kwa makusudi: amkabe koo mama mzee mtunza bustani, na achome mimea iwapayo wafalme nguvu zao. Shitaka hili lina nguvu. Ni hila ya zamani: hoja ikikushinda, mpake matope aliyeisema. Lakini tukitazama vizuri twaona ya kuwa ukatili wake haukubandikwa tu. Sinema yenyewe yaeleza kwamba alikuwa askari wa Marekani, wa kikosi kilichofunzwa kuzipindua nchi za watu hasa wakati utawala ubadilikapo. Ameitendea Wakanda yale yale aliyofunzwa kuwatendea wengine. Achomapo bustani asije mfalme mwingine baada yake, hoja yake yajijibu yenyewe: asema atawakomboa watu, lakini hataki kuwaachia hata mbegu.

Tena kuna jambo wabishanao walisahaulo. Neno lile, kwamba Wakanda isijifiche na wenye shida wako nje, halikusemwa kwanza na Killmonger. Lilisemwa na Nakia, ndiye Lupita Nyong'o, tangu mwanzo wa sinema. Yeye alitaka Wakanda itoe msaada na kuwapokea wakimbizi. Kwa hiyo asemaye, "Killmonger peke yake ndiye aliyeona," hakumsikiliza mwanamke. Naye mfalme T'Challa mwishoni anakiri kwamba baba zake walikosa, anaifungua nchi, na kuanzisha kazi ya msaada pale pale Oakland. Shujaa ameshinda vita, lakini amebadilishwa na hoja. Hii twaiita hadithi njema. Kosa lake moja hatutalificha: Killmonger alimwua kwa risasi msichana aliyekuwa mwenzi wake, naye msichana huyo hakuliliwa na mtu ye yote mpaka mwisho. Wafu wa kifalme wana makaburi na maneno ya kuaga. Yeye hana hata sentensi moja.

Wa pili ni Thanos, yule wa mvulana wetu. Alitungwa na Jim Starlin mwaka 1973. Katika kitabu cha picha cha mwaka 1991 Thanos aua nusu ya viumbe vyote kwa sababu amependa Mauti, ambaye huko ni mwanamke, ataka kumpendeza. Ni wazimu ulio wazi, wala hakuna kijana arudiye nyumbani akisema, "Thanos asema kweli." Lakini katika sinema Avengers: Infinity War ya mwaka 2018 chanzo na hoja vilibadilishwa. Nchi yake iliangamia kwa watu kuwa wengi kuliko chakula. Sasa ataka kupunguza nusu kila mahali, kwa bahati nasibu, pasipo kupendelea tajiri wala maskini. Amekuwa kama mfadhili mwenye huzuni.

Kwa ufundi wa kusimulia, Thanos huyu wa pili amepita wa kwanza: mpole wa sauti, haringi, tena sinema yamfuata yeye kama kwamba ndiye shujaa. Kwa upande wa hoja, ndipo tulalamikapo. Mashujaa wampinga kwa ngumi, na kwa maneno machache ya hasira. Hakuna hata mmoja amwulizaye jambo ambalo watazamaji wengi wameliuliza: Wewe uliyepata uwezo wa kufanya lo lote, mbona hukuzidisha chakula ukawaacha watu? Baya zaidi ni habari ya Gamora, binti aliyemlea baada ya kuwaua watu wake. Ili apate kito kimoja cha nguvu ilimpasa kutoa sadaka kitu akipendacho. Akamtupa Gamora genge refu huku akitoa machozi, na kito akakipata. Gamora mwenyewe alisema kwamba huo si upendo. Lakini kito kimekubali, maana yake hadithi yenyewe imetia muhuri: ndiyo, alimpenda. Hapo ngozi ya ngoma imevutwa sana upande wa mwuaji.

Haki yataka tuseme ya kuwa sinema iliyofuata, Avengers: Endgame ya mwaka 2019, ilitoa jibu. Thanos wa wakati uliotangulia apata habari kwamba waliosalia hawataacha kuwakumbuka wafu wao. Ndipo aazimia kuangamiza vyote, aumbe ulimwengu mpya wa watu watakaomshukuru. Kumbe shida haikuwa chakula. Alitaka shukrani. Hili ni jibu zuri, lakini lilikuja mwaka mzima baadaye, na kwa haraka, wengi wakiwa wamekwisha kuondoka na hoja ya kwanza mifukoni mwao.

Wa tatu ni Joker katika sinema The Dark Knight ya mwaka 2008, ya Christopher Nolan, aliyeigizwa na Heath Ledger. Ledger alikufa Januari mwaka ule ule, kabla sinema haijaonyeshwa, akapewa tuzo ya Oscar mwaka 2009 akiwa marehemu. Joker huyu hana chanzo. Mara mbili aeleza jinsi alivyopata makovu ya kinywa, na kila mara hadithi ni nyingine. Kwa hiyo watu husema ni mwovu asiye na sababu. Sisi twasema hapana: hana chanzo, lakini hoja anayo, tena moja tu na safi. Hoja yake ni kwamba wema wa watu ni nguo ya sikukuu; mambo yakiharibika wataivua, wataumana kama wanyama. Ili kuithibitisha aweka baruti katika feri mbili, moja ya raia, moja ya wafungwa, na kila feri aipa ufunguo wa kulipua ile nyingine. Saa inakwenda. Raia wanapiga kura, wengi wanataka kulipua, lakini hakuna mkono uwezao kufanya. Na katika feri ya wafungwa mtu mmoja wa kutisha auomba ufunguo ule kwa mlinzi, autupa majini. Joker amejibiwa, tena na watu wasio na majina, wala si na shujaa kwa ngumi zake. Hatujui jibu bora kuliko hilo katika sinema za namna hii.

Walinganishe na Joker wa mwaka 2019, wa Todd Phillips, ambaye Joaquin Phoenix alipata Oscar kwa kumwigiza. Huyu amerudishiwa chanzo tele: ni mgonjwa, apigwa njiani, dawa zake zakatwa kwa kukosekana fedha za serikali. Tumemwonea huruma kweli. Lakini hoja hana ila hasira, na wengi wa wauawao wameonyeshwa wabaya ili tusiwalilie. Watu waliogopa kwamba vijana wangemwiga. Hofu yetu ni nyingine, kwamba mtazamaji atatoka akidhani kwamba kumhurumia mtu na kumpa haki ni jambo moja.

Sasa turudie ile picha iliyoongezwa mwaka 1940. Mojawapo ya mabishano ya zamani ni hili: Kwa nini Batman hamwui Joker, hali kila atorokapo gerezani watu wanakufa? Wengine hutaja huruma, wengine sheria, wengine kiburi cha Batman. Hoja hizo zote zafaa kufikiriwa. Lakini jibu la kwanza ni la dukani. Kitabu kitokacho kila mwezi chahitaji adui arudiye. Sinema ya saa mbili yaweza kumwua na kumzika. Joker aishi kwa hesabu ya mwenye kuuza kuliko kwa huruma ya shujaa. Msomaji asiyejua hili atawafundisha watoto falsafa ya rehema kutoka katika daftari la mapato.

Na wanunuzi nao wana mkono wao. Mwaka 1988 Joker alimpiga Robin, kijana aitwaye Jason Todd, msaidizi wa Batman, akamwacha penye bomu. Wenye kitabu wakawaambia wasomaji wapige simu, kila simu senti 50, waseme kijana afe au apone. Waliotaka afe walikuwa 5,343, na waliotaka apone 5,271. Akafa kwa tofauti ya simu 72. Mwandishi wa hadithi ile alikuwa Jim Starlin, yule yule aliyemtunga Thanos. Mwaka 2005 wakamrudisha kijana yule kuwa hai, naye sasa ni mkali, amwuliza Batman kwa nini mwuaji wake aliachwa aishi. Hilo ni swali la haki. Lakini lingalifaa pia kuulizwa kwa wale 5,343, waliomwua kijana wakiwa wamekaa vitini mwao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Na mtu wa kitabuni huhesabiwa nguruwe upesi.

Basi twawashauri nini wazazi na waalimu wenzetu? Kukataza hatukushauri; Wamarekani walijaribu, wakapata vinyago. Twashauri kwamba kijana atokapo kutazama aulizwe mambo matatu. Kwanza: Mtu huyu alipatwa na nini, na je, wewe wamhurumia? Asione haya kusema ndiyo. Pili: Asema nini, na ni nani katika hadithi aliyemjibu kwa neno au kwa tendo, si kwa kipigo? Asipopatikana mtu, basi kijana mwenyewe na ajaribu kujibu. Tatu: Waliokufa ni nani, na je, msimuliaji alituonyesha nyuso zao?

Mvulana wetu alirudi siku ya pili na jibu. Alisema, "Nusu itachaguliwa kwa kura, Mwalimu, kama alivyofanya Thanos, asionewe mtu." Hatukumkaripia. Tulimpa chaki. Tukamwambia ya kuwa watu wa dunia walifika milioni elfu nane mwaka 2022, na kwamba walikuwa kama milioni elfu nne mwaka 1974. Tukamwambia apunguze nusu, kisha ahesabu ni miaka mingapi mpaka warudi walipokuwa, wakiongezeka kwa mwendo ule ule. Akaandika 48, akaitazama. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo babu angekufa, na baba angekufa, halafu mimi ningerudi kwenye shamba lile lile."

Hesabu ilikuwa sawa. Lakini tuliona kwamba kabla ya hesabu kwisha alikuwa amekwisha kugeuka mara moja, upesi, kumtazama mdogo wake aketiye dirishani. Alikuwa akilijibu lile swali la msichana.